Barua kwa mwanangu: nani alikuwa na fimbo?

Mwanangu,

Hapa Nkuhungu, Dodoma, hatujambo, mama yako anakusalimu, mvua bado. Swali lako nimelielewa. Kwenye chumba chenu cha habari hapo redioni kuna mwenzako anayeshikilia kwamba lugha ndiyo inayoamua kila tunachoamini, hata mtu hawezi kuona kitu ambacho lugha yake haina jina lake. Mhariri wako naye anasema maneno ni maneno tu, andika habari iishe. Na yote yameanzia kwenye kichwa cha habari ulichoandika, "Wanafunzi watatu wapewa mimba", kikarudi kwako kimekuwa "Wanafunzi watatu wapata mimba". Unataka karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo akuambie nani yuko sahihi.

Hakuna. Ila mhariri amekosea zaidi.

Huyo wa kwanza hoja yake hakuizua mwenyewe. Watu huipeleka kwa Mmarekani Benjamin Lee Whorf, aliyefariki 1941. Mshahara wake ulitoka kampuni ya bima ya moto huko Hartford, na lugha alizisoma kwa mapenzi tu. Katika kuchunguza mioto aliona kwamba watu huwa waangalifu penye mapipa yaliyojaa petroli, lakini wakifika kwenye mapipa yanayoitwa matupu wanawasha sigara, na kumbe hayo matupu ndiyo yenye mvuke wa kulipuka. Hapo alikuwa na jambo la maana. Waliokuja nyuma yake wakalinyoosha hadi likakatika, wakasema nje ya lugha yako huoni kitu.

Sasa tazama simu yako. Inaandika 7:00 na mdomo wako unasema saa moja, kwa sababu sisi tunahesabu tangu jua lichomoze, Mwingereza anahesabu tangu usiku wa manane. Kuna Mtanzania aliyekosa basi kwa ajili hiyo? Hesabu mbili zinakaa kichwa kimoja na hazigombani. Ama chukua rangi. Vivumishi vyetu vya asili ni vitatu, -eusi, -eupe na -ekundu. Nyingine tumezitoa kwenye majani, kwenye manjano, kwenye kahawa na majivu, na bluu tumeipata kwa wageni. Mwambie mwenzako aende pale Majengo akamshawishi mama muuza vitenge kwamba bluu hii na ile ni moja.

Lakini usimcheke sana, maana rangi hizo hizo zina upande wa pili. Warusi wana majina mawili tofauti kwa bluu, moja la iliyokolea na moja la iliyofifia, na hawana jina la kuziunganisha. Utafiti uliochapishwa 2007 uliwapa vipande vya rangi wavitofautishe. Walikuwa wepesi zaidi pale vipande vilipoangukia majina mawili kuliko pale vyote vilipokuwa chini ya jina moja, na wazungumzaji wa Kiingereza hawakuwa na wepesi huo. Kisha Warusi wakapewa tarakimu za kukumbuka kimoyomoyo huku wanatazama. Wepesi ukaisha. Maana yake jicho la Mrusi na lako ni lile lile. Lugha inaingia kati wakati wa kuamua, na ukiishughulisha kwa kazi nyingine inakosa nafasi.

Mwanaisimu Roman Jakobson aliliweka vizuri mwaka 1959: lugha hutofautiana kwa yale zinayokulazimisha kuyasema, kwa sababu kuyasema tu kila lugha inaweza. Kiingereza, mtu akitaka kusema mwalimu fulani "amefika", kwa kawaida kinamtaka achague "he" au "she", yaani aonyeshe kama ni mwanamume au mwanamke. Sisi tukisema "amefika" tumemaliza. Wenyeji wa Pormpuraaw, kaskazini mwa Australia, wanaosema Kikuuk Thaayorre, badala ya kushoto na kulia hutumia kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, hata kwa kikombe kilicho mezani. Basi mchana kutwa wanajua wameelekea wapi. Mimi ukinizungusha mara moja ndani ya jengo la ofisi pale Mtumba nakuwa nimeshapotea.

Na Kiswahili kinatuzoesha nini? Hapo nina cha kusema, maana nimekaa miaka mingi nikiandika mwenendo wa mashauri.

Kulikuwa na shauri la mifugo, moja kati ya mengi unayoyajua wewe uliyekulia huku. Mdai alikuwa mama wa makamo, ameshika masuke ya mtama yaliyokanyagwa, kielelezo ambacho hakuna aliyemwomba alete. Akasema, "Ameniingizia ng'ombe shambani." Mdaiwa, kijana mtulivu wa shati jeupe, akasema, "Ng'ombe waliingia shambani, mheshimiwa." Nikaandika yote mawili. Ukisikiliza haraka unaona wanakubaliana: ng'ombe walikuwemo, mtama umeliwa. Shauri zima lilikuwa kwenye mkia wa kitenzi. Kwa "waliingia", ng'ombe ndio wenye makosa, kama vile waliamka wakafanya kikao. Hakimu akaanza kuuliza eneo lililoliwa ni hatua ngapi, na je, uzio ulikuwepo. Bila mtu kugundua, mahakama nzima ilikuwa imeshahamia kwenye sentensi ya kijana. Mama akaanza kujitetea kuhusu uzio, yeye aliyeliwa mtama!

Ndipo mzee wa baraza mmoja, ambaye tulidhani kasinzia tangu asubuhi, akauliza: "Nani alikuwa na fimbo?"

Kijana akajibu kwamba siku ile aliyekuwa akichunga ni mdogo wake. Ana miaka mingapi? Sita. Nani alimpa ng'ombe? Kimya. Uzio haukuulizwa tena.

Hicho ndicho nilichojifunza pale, na ndicho ninachokuambia. Lugha yetu ina ufundi mkubwa wa kumtoa mtu kwenye jambo alilolifanya. Sahani imevunjika. Fedha zimepotea. Mradi umekwama. Dawa zimeisha. Sarufi iko sawa kabisa, hakuna uongo hata mmoja, na hakuna mtu. Usidhani Kiingereza ndicho kinyofu. Kabla ya sheria ya 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hukumu za rufaa zilikuwa zinaturudia kwa Kiingereza, na humo nako mazao yaliharibiwa bila mwenye mkono. Kila lugha ina mlango wake wa nyuma. Wetu ni mwepesi kufunguka na hauna kelele.

Kwamba mlango huo unagusa hata kumbukumbu, limepimwa. Caitlin Fausey na Lera Boroditsky walichapisha 2011 utafiti wa wazungumzaji wa Kiingereza na wa Kihispania. Waliwaonyesha video za watu wakipasua maputo, wakivunja vitu, mara kwa kusudi na mara kwa bahati mbaya. Kwa ajali, Kihispania kina namna ya kusema kama yetu, kwamba kitu kimevunjika chenyewe, na wazungumzaji wake waliitumia kuliko wenzao wa Kiingereza. Walipoulizwa baadaye nani alifanya, kwa yale ya kusudi wote walikumbuka sawa. Kwa yale ya ajali wazungumzaji wa Kihispania walimkumbuka mtendaji kwa udhaifu zaidi. Macho yao yalimwona. Sentensi haikumhitaji, kichwa kikamwacha aende.

Utafiti mwingine ningeutundika ukutani kwenye kila mahakama. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi wa chuo filamu ya magari yakigongana. Wengine waliulizwa mwendo wa magari "yalipogongana", wengine "yalipopondana", kwa kitenzi kikali. Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu vioo havikuwepo. Kati ya 50 walioulizwa kwa kitenzi cha kawaida, 7 walisema waliviona. Kati ya 50 wa kitenzi kikali, 16. Mhariri anayesema maneno ni maneno tu aelezwe vioo hivyo vilitoka wapi.

Sasa turudi kwenye kichwa chako cha habari. "Kupata mimba" ni Kiswahili safi, na kwa mke wa mtu anayesubiri mtoto ndiyo namna nzuri ya kusema. Kwa mtoto wa darasa la sita sentensi hiyo inamweka kwenye fungu moja na anayepata malaria. Msikilizaji anajiuliza alikuwa wapi, alivaa nini, mama yake alikuwa anafanya nini, yale maswali ya uzio. Mimi nimeishi miaka ambayo binti akipata mimba alifukuzwa shule na kijijini wakasema "ameharibikiwa", na mwanamume mhusika anaendelea kuuza duka lake barabarani mchana kweupe. Sisemi kitenzi ndicho kilichomfukuza binti. Kulikuwa na kanuni, na kulikuwa na watu waliozisaini. Ila kitenzi kilitusaidia tusione kwamba hesabu ina pengo. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, anayempa mimba mwanafunzi akawekewa kifungo cha miaka 30, na Novemba 2021 Serikali ikaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi shuleni. Sheria imeshamtaja mwenye fimbo. Redio yenu inamficha tena kwa neno moja, kwa sababu "wapewa" lilionekana kali!

Jambo la karibu na damu yetu zaidi ni Mtunya, ile njaa kubwa ya huku kwetu Ugogo. Bibi yangu alikuwa mtoto kipindi hicho, 1917 hadi 1920, na alikuwa hataki kulizungumza wakati wa kula. Sisi shuleni tuliambiwa kwamba njaa iliikumba Ugogo kwa sababu ya ukame. Ukame ulikuwepo kweli. Lakini kabla yake ilipita vita vya Wajerumani na Waingereza, na majeshi, kwanza ya upande mmoja kisha ya mwingine, yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kwenda kubeba mizigo. Mvua ilipokatika, ghala lilikuwa tupu tayari na wenye nguvu za kulima hawapo. Ukisema "njaa iliikumba Ugogo", unabaki na anga na ardhi nyekundu. Mtoto anakua akiamini kwamba nchi yake imelaaniwa, na wenzake wa mikoani wanakua wakiamini kwamba Mgogo ni ombaomba wa kuzaliwa. Wewe mwenyewe utani huo umeshatupiwa na watu wasio na ubaya. Imani ya namna hiyo huhitaji tu sentensi ambayo haikumaliziwa, ikarudiwa kwa miaka mia.

Kinachonikera siku hizi kuliko vyote ni "changamoto zimejitokeza". Tazama ilivyotengenezwa. Kwanza tatizo limebadilishwa jina likawa changamoto, kitu karibu cha kupendeza. Kisha likapewa hiyo -ji-, kwamba limejitokeza lenyewe, kwa hiari yake, labda lilikuwa na nafasi. Nimehudhuria kikao cha mtaa ambapo changamoto zilijitokeza mfululizo kuanzia ajenda ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna binadamu hata mmoja aliyetajwa isipokuwa wajumbe waliotoa udhuru.

Lakini usiende ukawa mkorofi. Mgeni akiangusha glasi hapa nyumbani, mama yako anasema "imevunjika, si kitu", na huo ni uungwana. Anayesema "umeivunja" kwa mgeni hajalelewa. Mfiwa haulizwi msibani nani alichelewesha gari la hospitali. Lugha inayoweza kumsitiri mtu ni mali, na sitaki uidharau. Kazi ni kujua unamsitiri nani. Glasi ni ya kwetu, hasara ni ya kwetu, tuna haki ya kusamehe. Mtama ule ulikuwa wa yule mama, na msamaha ulikuwa wake pia. Karani hakuwa na ruhusa ya kuutoa kwa niaba yake, na mhariri hana.

Kwa hiyo kesho usibishane na mhariri juu ya nadharia. Muulize tu, kwenye sentensi hii mwanamume yuko wapi? Kama mtuhumiwa hajafahamika, usimzue, na usimhukumu aliyekamatwa kabla ya mahakama. Andika kwamba polisi hawajasema nani anatuhumiwa. Hiyo nayo ni habari, na pengine ndiyo habari yenyewe.

Huku taarifa iliyobandikwa ofisi ya mtaa inasema pampu ya kisima imeharibika na wananchi wawe na subira. Jumatatu naenda na wazee wenzangu kuuliza mafuta ya kuiendesha alikuwa akinunua nani, na ufunguo wa chumba cha mashine anao nani. Mwenyekiti ameshanipigia kunishauri nipumzike, jua ni kali. Nimemwambia nitavaa kofia.

Baba yako