Farumi ya lori la mafunzo: jaza tangi mpaka juu au liache tupu

Ami yangu alikuwa nahodha wa jahazi Lamu, na kabla sijajua gia wala klachi nilijua farumi, uzito wa kutuliza chombo. Jahazi likishashusha boriti na kurudi tupu, watu hutia mawe au mchanga ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, upepo usije ukalilaza. Leo nafundisha udereva wa malori hapa Malindi, na neno hilo nimekuja nalo barabarani, kwa sababu kazi ni ile ile: kutia uzito kwa makusudi, chombo kikae kama kitakavyokaa siku ya kazi.

Lori tupu humdanganya mwanafunzi. Akikanyaga breki, matairi ya nyuma yanaruka. Akipanda mlima, gia yoyote inamkubali. Siku ya kwanza kazini anapewa tani kumi za saruji, na yote aliyozoea hayamfai tena. Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu msimtoe mtu chuoni bila kumwendesha na mzigo. Lakini mzigo wenyewe ukipakiwa ovyo ni hatari kuliko lori tupu.

Nilijifunza hilo kwa kosa langu. Chuo nilichokuwa nikifundisha kilinunua matangi sita ya plastiki yenye kizimba cha chuma, yale ya lita 1,000. Siku hiyo maji ya mfereji yalikuwa yamekatika, na boza lililokuja lilikuwa na lita 3,000 tu. Nikayagawa sawasawa, kila tangi nusu, nikiamini usawa ndio usalama. Tukatoka kuelekea Mambrui. Usukani ulishikwa na msichana wa wiki ya pili, makini sana. Kwenye kona alikanyaga breki polepole, kama nilivyomfundisha. Lori likapunguza mwendo, kisha nikasikia nyuma yetu sauti kama wimbi linapopiga mwamba, na gari likasukumwa mbele upya. "Mwalimu, mbona nimekanyaga na gari bado laja?" Tukaingia vumbini, tukasimama hatua chache kutoka kwenye mwarobaini. Hakuna aliyeumia. Nilipopanda nyuma, maji yalikuwa bado yanayumba ndani ya matangi, mkanda mmoja umelegea, na tangi la pembeni limehama karibu shubiri nzima.

Mtoto wa pwani sikupaswa kusahau. Mabaharia hufua maji ngamani, yaani huyachota na kuyamwaga nje, usiku na mchana kwa sababu maji yenye nafasi hukimbilia upande chombo kinapoinamia, yakakiinamisha zaidi. Lita zile 3,000 zingejaza matangi matatu mpaka shingoni, uzito ungekuwa ule ule wa tani tatu, na yasingekuwa na pa kukimbilia. Tangi ama lijae ama liwe kavu.

Hata hivyo bado nachagua maji kuliko mchanga. Lita 1,000 za maji ni tani moja, hubahatishi. Mchanga wa Sabaki ukiwa mkavu, mita moja ya ujazo huwa kama tani moja na nusu au zaidi kidogo. Ukinyeshewa na masika hukaribia tani mbili, na lori ulilopima Machi si hilo unaloendesha Mei. Mawe na vyuma vikuukuu sivitaki kabisa, breki moja ya ghafla na vinakuja kwenye kebini. Na tafadhali, msipandishe wanafunzi nyuma ili gari lipate uzito. Baharini watu hujipanga kwenye ubao wa mtengo, ule unaotokeza nje ya chombo, wakawa wao ndio farumi, lakini wale ni mabaharia, na chini yao ni maji. Chini ya hawa ni lami.

Uzuri mwingine wa matangi ni kwamba huhitaji foklifti. Tangi tupu lina kilo kama 60, watu wawili au watatu wanalipandisha. Fagia sakafu ya lori kwanza, maana mchanga chini ya tangi huteleza kama gololi. Yapange yakigusana. Ukiyasukuma yote mpaka ubao wa mbele huenda ukazidisha uzito kwenye ekseli (mhimili wa magurudumu) ya usukani. Ukiyarundika nyuma, mbele kunakuwa kwepesi na usukani hausikii. Kwa lori la ekseli mbili mimi huweka katikati ya mzigo mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, na pengo linalobaki hadi ubao wa mbele nalikaza kwa mbao nene. Funga mikanda kabla ya kutia maji, kisha jaza kwa mpira wa maji, kushoto na kulia kwa zamu. Mikanda iweze kuzuia mzigo usiende mbele kwa nguvu ya walau asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kila upande na nyuma. Ndicho kipimo cha Ulaya, nami nakifuata. Baada ya kilomita chache simama ukaikaze tena. Hulegea, daima.

Trela lisijazwe likiwa limeachana na kichwa. Limesimama kwa miguu yake tu: ukianza kujaza nyuma linaweza kukaa kitako, ukijaza mbele miguu inaweza kupinda. Unga kwanza, jaza baadaye. Na siku ya kutenganisha, mwaga kwanza.

Kisha peleka gari mizani, kila ekseli ipimwe peke yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, ila kibati cha mtengenezaji kikisema pungufu, fuata kibati. Andika tarakimu hizo kwenye kadi, ibandike kebini, na mwanafunzi aisome kabla ya kuwasha injini.

Kabla ya kununua tangi kuukuu uliza lilibeba nini, maana mengi yalikuwa ya kemikali, na maji yake yasinywewe na mtu hata likisuguliwa vipi. Maji ya visima vyetu vya chumvi nayo yanavuja yakila chasi, kwa hiyo bora kusubiri mfereji. Wakati wa kumwaga, fungua bomba za pande zote mbili pamoja, lori lisilale upande. Maji yetu huenda kwenye miarobaini iliyo ukingoni mwa uwanja wa mazoezi.