Kumfunga bingwa sio kuumaliza mchezo

Mkuu, ukisema kompyuta zimeshaimaliza chesi kwa sababu zinawafunga mabingwa, hapo unachanganya vitu viwili, kompyuta kumfunga mtu na kompyuta kuumaliza mchezo. Deep Blue, kompyuta ya IBM, ilimfunga bingwa wa dunia Kasparov 1997 sawa, na siku hizi hata simu ya mfukoni inawatoa jasho mabingwa, lakini kuimaliza chesi maana yake ujue kwa uhakika, tangu kete zimepangwa, kama wote wakicheza bila kosa mweupe anashinda, mweusi anashinda au ni droo. Hilo bado kabisa.

Angalia tu, mweupe ana mwanzo 20, mweusi naye majibu 20, tayari njia 400, kila mmoja akicheza mara mbili zinafika 197,281 na hapo hata mchezo haujachangamka 😂 Mwanahisabati Claude Shannon alikadiria mwaka 1950 kwamba michezo inayowezekana ni 1 na sifuri 120 nyuma yake.

Drafti ya Kiingereza ilimalizwa 2007 na kina Schaeffer, wataalamu wa kompyuta kule Kanada, wote wakicheza bila kosa ni droo (sio hii yetu ya vizibo vya soda ambayo kingi anaruka toka kona hadi kona). Kwenye chesi wataalamu wameanzia mwishoni mwa mchezo wanarudi nyuma, wamemaliza mipangilio yote iliyobaki na kete 7 au pungufu, wafalme wakiwemo, na humo kuna ushindi unaotaka hatua zaidi ya 500! Mchezo unaanza na kete 32. Kwa nguvu ya mashine peke yake mimi sioni, labda mtu agundue ujanja wa kihesabu. Nikibeti naweka droo.