Una Jumamosi moja tu Bologna? Nenda Brisighella

Dadangu, umesema uko Bologna, Italia, kikazi, una Jumamosi moja ya kupumzika na hutaki tena kusukumana na watalii. Nilisoma Bologna miaka miwili, na kila kichwa kilipojaa nilikimbilia Brisighella, mji mdogo wa milimani. Venezia na Firenze ni nzuri, sikatai, ila utarudi umechoka kuliko ulivyokwenda.

Panda treni ya mkoa hadi Faenza, ubadili hapo, uchukue ile inayopanda milimani kuelekea Firenze. Kutoka Faenza ni kama dakika kumi. Tikiti ya karatasi igonge muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla hujapanda, la sivyo utapigwa faini. Tazama mapema na saa za kurudi, maana treni za njia hiyo ni chache.

Mji wenyewe ni mdogo, umekaa chini ya vilima vitatu vya jasi, lile jiwe laini la kutengenezea plasta. Kimoja kina ngome, kimoja mnara wa saa, kimoja kanisa. Zamani wachukuzi waliibeba jasi hiyo kwa punda, ndiyo maana kuna Via degli Asini, yaani Njia ya Punda. Hapo usipite mbio. Ni ujia ulioezekwa, umeinuka juu ya barabara, na mwanga unaingia kupitia matao ambayo hakuna moja linalolingana na jenzake. Punda walilazwa mkabala na matao, mikokoteni ikikaa chini, wachukuzi na watoto wao wakiishi juu. Mimi ni mtoto wa Lamu, nimekua nikipisha punda vichochoroni na kupita chini ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro. Siku ya kwanza nilisimama pale kimya kwa muda mrefu.

Kisha tafuta mafuta ya zeituni. Zeituni yao inaitwa Nostrana di Brisighella, na jina la mafuta yake linalindwa na Umoja wa Ulaya tangu mwaka 1996. Mama mmoja dukani alinimiminia juu ya kipande cha mkate, mafuta ya kijani kibichi. Kwanza nilisikia harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi, halafu ladha ya zeituni yenyewe, halafu ukali kama wa pilipili ukanishika kooni nikakohoa. Akafurahi kweli! Akaniambia kikohozi hicho ndiyo dalili ya mafuta mapya. Ukienda Novemba utakuta msimu wa kuvuna na kukamua. Majira ya kuchipua ni zamu ya moretto, mboga ya artichoki yenye miba inayoota kwenye makorongo ya hapo hapo.

Jambo moja la chakula: piadina, ule mkate unaofanana na chapati, mara nyingi hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Kama huli, uliza ya mafuta ya zeituni, useme "all'olio".

Kama saa saba mchana maduka yanafungwa hadi saa kumi hivi. Mara ya kwanza nilikasirika, nikaona siku yangu imeharibika. Sasa huo ndio wakati ninaoupenda zaidi, kwa sababu ndipo napanda kwenye mnara. Ngazi ni kali, vaa viatu vya kushika. Saa ya mnara ule ina namba sita tu, mshale huzunguka mara nne kwa siku. Ukihesabu tangu usiku wa manane, saa tano yetu ya asubuhi ni saa ya kumi na moja, yaani sita na tano, kwa hiyo mshale unaangukia kwenye tano! Kaa ukutani, utazame mizeituni na mizabibu ya bonde la mto Lamone, usikie kengele. Huna haja ya kufanya kitu kingine.

Ukinunua chupa ya mafuta, ifunge vizuri ndani ya nguo na uiweke kwenye sanduku kubwa la kusalimisha uwanja wa ndege. Yangu ya kwanza niliibeba mkononi, ikabaki kwenye ukaguzi.