Barua kwa mwanangu kuhusu jicho la Rehema

Mwanangu Zuhura,

Baada ya salamu, sisi huku Pangani tu wazima, isipokuwa goti langu ambalo halina jipya la kueleza. Ujumbe wako wa Jumatano nimeusoma zaidi ya mara moja. Unasema daktari wa macho huko Mwanza amempima Rehema, akakuta jicho lake la kushoto ni vivu, akaagiza avae miwani na afungwe kibandiko kwenye jicho la kulia, lile zima, kwa muda wa saa mbili kila siku. Kwa kuwa mama mkwe wako amesema kwao hakuna ugonjwa wa namna hiyo, unaniuliza kama upande wetu yupo aliyewahi kuwa nao.

Yupo. Ni mjomba wako Hamisi. Swali lako limekwisha hapo, na mama mkwe wako unaweza kumwambia kwamba tatizo hili huonekana zaidi katika familia ambamo limewahi kutokea, ingawa huwapata pia watoto ambao hawana ndugu hata mmoja mwenye nalo. Lakini mimi naona lililokukaa moyoni ni jingine: inakuwaje jicho ambalo daktari amelimulika mpaka ndani akaliona safi likawa halioni, na kwa nini afungwe lile lisilo na kosa? Hilo ndilo nitakalolijibu.

Najua utasema mama ameanza tena, lakini sina namna nyingine ya kulieleza: jicho hupokea, anayeona ni ubongo. Nimelisema darasani miaka 31 na sijapata sababu ya kulibadilisha.

Nyuma ya jicho kuna utando wa retina, wenye seli zipatazo milioni 126 zinazopokea mwanga. Nyingi ni za kuonea gizani, na milioni 6 hivi ni za kuonea rangi. Mshipa wa fahamu unaotoka hapo kwenda kwenye ubongo una nyuzi milioni moja na kidogo tu. Kwa hiyo habari zote haziwezi kupita kama zilivyoingia, bali huchambuliwa humo humo kwenye retina, na kinachopelekwa mbele hasa ni tofauti: hapa pameng'aa kuliko pale, hapa pana ukingo, hapa kitu kimesogea. Picha yenyewe imepinduka, miguu juu kichwa chini, na kila jicho lina mahali pasipo na seli ya kupokea mwanga hata moja, pale mshipa unapotokea. Jaribu mwenyewe. Chora msalaba na doa kwenye karatasi, vipishane sentimeta 8, msalaba ukiwa kushoto. Fumba jicho la kushoto, kazia msalaba kwa jicho la kulia, kisha uvute karatasi polepole kuelekea usoni. Ikifika karibu na sentimeta 30, doa litatoweka, na mahali pake hutaona shimo, utaona karatasi nyeupe. Huo weupe ameuweka nani? Si jicho.

Kutoka hapo nyuzi za kila jicho hugawanyika, nyingine zikavuka upande wa pili, hupumzika kidogo katikati ya ubongo, na safari yao huishia kisogoni. Huko ndiko habari za macho mawili hukutanishwa, na tofauti ndogo iliyopo kati yake ndiyo inayotupa kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Masikio nayo yana desturi hiyo hiyo: sauti ikilifikia sikio moja kabla ya jingine, hata kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, ubongo umekwisha kujua embe limeanguka upande gani wa nyumba.

Sasa ikiwa jicho moja tangu utotoni linaleta habari zenye ukungu, ubongo hulifanyia kama wazee wa baraza wanavyomfanyia msemaji asiyeeleweka: mwanzo humvumilia, kisha hawamwulizi tena, na mwisho hata nafasi yake ya kukaa huchukuliwa na mwingine. Katika miaka ya 1960 huko Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel waliwafumba watoto wa paka jicho moja kwa miezi ya mwanzo ya maisha yao. Walipolifumbua, jicho lilikuwa zima, lakini karibu seli zote walizozipima kisogoni zilikuwa zimehamia kwa jicho la pili. Walipomfanyia hivyo paka mzima, hakupata hasara hiyo. Tofauti ilikuwa umri. Ndiyo maana hata mtoto aliyezaliwa kiziwi, akiwa wa kupandikizwa kifaa cha kusikia, huharakishwa kupandikizwa akiwa mdogo.

Nisingekuwa na haraka ya kuyakumbuka haya kama si Hamisi. Mwaka 1966 mimi nilikuwa na miaka 10 na yeye 7, na mchezo wetu ulikuwa wa hospitali, uani kwa marehemu babu yako, chini ya ule mwembe mliokuja kuukuta umekatwa. Mimi nilikuwa daktari, bila shaka. Nilimziba jicho la kulia kwa pembe ya kanga nikamtaka asome herufi za kwenye mkebe wa majani ya chai. Akasema herufi zimerundikana, zimekaliana. Nikaondoa kanga, akazisoma zote bila kusita. Nikamziba tena, akasema zimerundikana tena. Kwangu huo ulikuwa ushahidi kamili kwamba ni mwongo na kwamba anakwepa kusoma, nami nikaupeleka kwa baba kama nilivyoupata. Alichapwa fimbo tatu. Hakulia kwa fimbo, alilia kwa kuitwa mwongo, na aliponitazama alinitazama kwa macho yote mawili, nami nikaona ameshindwa.

Mwaka 1981 alikwenda kupimwa macho ili apate leseni ya kuendesha basi. Aliambiwa jicho la kushoto halina ugonjwa wowote na halifai kwa lolote, na kwamba umri umekwisha kupita. Ni mwaka huo huo Hubel na Wiesel walipopewa Tuzo ya Nobel, jambo nililolijua baadaye nikiwa natayarisha somo, na kwenye kitabu kilichokuwa mbele yangu ilikuwa imeandikwa kwamba mwenye jicho la namna hii huona herufi zikisongamana. Neno kwa neno, ilikuwa kauli ya mtoto wa miaka 7. Niliahirisha kipindi.

Hujifariji kwamba hata kama ningemwamini, nani angemfunga kibandiko Pangani mwaka 1966? Kisha hujijibu kwamba Tanga ilikuwa na hospitali na basi lilikuwapo, na kwamba baba alikuwa mtu wa kusikiliza alipoletewa habari kwa namna inayosikilizika. Kisha tena najiambia nilikuwa mtoto. Yote matatu ni kweli, na hayajawahi kukaa pamoja bila kugombana.

Umewahi kuniuliza kwa nini mjomba huegemeza mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe kabla ya kumimina, nami nikakujibu kuwa ni adabu ya kizamani. Si adabu. Hawezi kujua kikombe kiko umbali gani mpaka birika likiguse.

Kuhusu kibandiko: unasema Rehema analia, na baba yake angependa mngoje akue kidogo aelewe. Nilikuwa nimeandika hapa sentensi moja ya amri, nimeikata kwa wino, na ukiinua karatasi kwenye mwanga huenda ukaisoma. Mtoto ni wenu na daktari ni wenu. Nitakachosema ni kwamba ana miaka 4, na kwamba huko Marekani ulichapishwa utafiti mwaka 2003 uliokuta kwamba kwa watoto ambao udhaifu wao ni wa wastani, saa mbili kwa siku zilileta nafuu sawa na saa sita, kwa hiyo huyo daktari hakukisia. Baadhi ya watoto wakubwa hupata nafuu pia, siwezi kukuficha, ila si wote. Na miwani asiivue, maana hakuna faida ya kumlazimisha msemaji aseme huku umemziba mdomo.

Basi, nimejizuia kadiri nilivyoweza.

Hamisi alikuja jana nikamwambia habari za mjukuu wake. Hakuuliza limetoka upande gani wa ukoo. Aliuliza ni jicho gani, na kama mtoto ameshasema anaonaje. Hilo la pili sikuwa na jibu lake. Mwulize Rehema, ukiwa umemziba lile zima, herufi zinakaaje, uniandikie maneno yake kama atakavyoyasema.

Mama yako