Nyanyake anasema ni chira, mimi sijui nishike gani

SWALI: Shangazi, kijana wangu ana miaka 15. Tangu tuzike babake huko Bondo mwaka jana amebadilika, halali, chakula anachokoachokoa tu, mpira ameacha, na kila siku ni kichwa inaniuma, kichwa inaniuma. Tumepima malaria na taifodi mara 4, hakuna kitu. Siku ya mazishi alibeba viti kutwa nzima, hakulia hata kidogo. Nyanyake anasema ni chira, ile laana ya kuvunja mila, eti kuna mila tuliruka. Pasta anataka afunge siku 3. Shemeji anamwambia mwanaume halii. Nikitaja kliniki ya akili pale Russia, hospitali kubwa ya hapa Kisumu, nyanyake anauliza, kwani mjukuu wangu ni mwenda wazimu? Mama wa Nyalenda, Kisumu.

JIBU: Pole sana mama, na wewe pia umefiwa, hilo naona kila mtu amesahau.

Kichwa kinamuuma kweli, hasingizii. Mtoto wa huku hatakuja akwambie nina dipresheni, hilo neno halimo nyumbani, kwetu tuna “mawazo mengi” basi, na mawazo ya mtoto yakikosa pa kutokea yanatokea kwa kichwa, kwa tumbo, wengine kwa hasira tu, unaitwa shuleni eti amepigana.

Mimi chira siicheki. Ukimsikiliza nyanya vizuri anasema hiki kifo hakijaisha hapa nyumbani, na daktari wa akili akisikia hiyo stori ya viti atakwambia karibu hayo hayo. Kama kuna mila imebaki wazee waifanye, lakini kliniki isingoje mpaka ng'ombe apatikane. Nenda na nyanya mwenyewe, aketi asikie. Na kama kuna miti shamba kijana anapewa, semeni, dawa zingine hazipatani.

Maombi sawa, kufunga hapana, mtoto tayari hali! Shemeji mwambie anyamaze kidogo.

Kuhusu wazimu, Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya 18, kwa hivyo wako si wa ajabu, na kuonwa pale Russia si kupelekwa Mathari, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi.

Sasa hili usiliruke. Muulize wazi kama amewahi kuwaza kujiua, kumuuliza hakumpandii hilo wazo. Akisema ndio, asiachwe peke yake, dawa ya panya na ya shamba zitoke kwa nyumba, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. 116 ni simu ya watoto, haina malipo. Wazazi wengi walikuwa wanaficha wakiogopa polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinapingana na Katiba.

Akikuuliza njiani mnaenda kufanya nini, usimwambie kupimwa tena. Mwambie tunaenda kuongea kuhusu baba.