Muulize Shangazi: Nataka kukimbia, sitaki kukondeshwa

Shikamoo Shangazi. Mimi mama wa watoto wawili niko Tabata, mwili wangu mkubwa na sina ugomvi nao, ila natamani sana kukimbia. Nilijiunga na joging ya mtaani, siku ya kwanza tu wakaniacha mpaka nyimbo zao nikawa sizisikii tena, halafu vijana wa kijiweni wakaanza "bonge taratibu, lami itapasuka". Mtandaoni nako kila nikigusa habari za kukimbia naletewa mambo ya kupunguza kilo. Wenzangu wako wapi?
Mama Wawili, Tabata

Marahaba mwanangu, na pole, hao wa kijiweni wamekukosea adabu kabisa. Wenzako wapo, tena wengi, ila ukiandika "mnene" na "mazoezi" simu inakuletea chai za kukata tumbo, kwa hiyo tafuta kwa majina ya watu. Anza na Mirna Valerio, alikuwa mwalimu huko Marekani, mwanamke mweusi mwenye mwili mkubwa, Instagram anajiita The Mirnavator. Huyo anakimbia mbio za milimani, kilomita 50 na zaidi, na mwaka 2018 National Geographic walimtaja kati ya majasiri wao wa mwaka, na mwili wake ni huohuo mkubwa. Mfuate, halafu angalia anakimbia na kina nani, hapo utawapata wengine mmoja baada ya mwingine.

Sasa hiyo joging. Mi joging za Dar nazipenda mno, ile watu wanaimba alfajiri mpaka mtaa unaamka, lakini nyingi mwendo unapangwa na wa mbele na wa nyuma anajijua mwenyewe. Kabla hujatoa hela ya tisheti muulize kiongozi, nani anabaki na wa mwisho? Akianza kubabaika achana nao. Kuna zile mbio za parkrun, bure kabisa, kilomita 5 kila Jumamosi asubuhi, zilianzia London mwaka 2004 na wakimbiaji 13, siku hizi zipo mpaka Afrika Kusini, na wao wanakuwaga na mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya watu wote mpaka mwisho, yaani anayemaliza wa mwisho ni yeye. Hicho kitu hakihitaji mfadhili! Joging yenu inaweza kukianza Jumamosi hii, na wakikataa tafuta wawili watatu wa mwendo wako mfungue grupu lenu WhatsApp, mkiwa wengi hata kijiweni midomo inafungwa.

Na kwenda taratibu isikutishe. Margaret Kenyatta, akiwa mke wa rais wa Kenya, alikimbia London Marathon mwaka 2014 akamaliza kwa masaa 7 na dakika kidogo, na alikuwa anachangisha kwa ajili ya kliniki za kwenye magari za akina mama na watoto. Kamaliza. Mbinu yenyewe ya kukimbia kidogo na kutembea kidogo ilienezwa na Jeff Galloway aliyewahi kukimbia Olimpiki ya 1972, kwa hiyo asije mtu akakwambia ukitembea umeharibu. Fuata ratiba ya Couch to 5K, ile ya kumtoa asiyefanya mazoezi mpaka akimbie kilomita 5, ni wiki 9, siku tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza unatembea dakika tano, halafu unakimbia sekunde 60 unatembea sekunde 90, unarudiarudia kwa dakika 20, saa ya simu inatosha. Ukiona wiki imekuwa ngumu irudie hata mara tatu, hakuna anayekudai. Ila pima presha kwanza, na kifua kikibana au ukisikia kizunguzungu simama uende hospitali. Ukishazoea, Kilimanjaro Marathon pale Moshi ina mbio za kilomita 5 ambazo watu wanakuja na watoto wao, wengine wanatembea mwanzo mwisho, nenda.

Kitu ambacho sitaki ubanebane hela ni sidiria ya mazoezi. Ile inayohesabiwa ya kwanza ilitengenezwa na wanawake watatu kule Vermont, Marekani, mwaka 1977, walichukua nguo mbili za ndani za kubana za wanamichezo wanaume wakazishona pamoja, maana kabla ya hapo waliofikiria kifua cha mwanamke anayekimbia walikuwa wachache mno! Matiti makubwa yakirukaruka yanauma, mtu anaacha mazoezi akidhani mwili wake ndio tatizo kumbe ni nguo. Saizi kubwa jaribu mtumba, soko la Karume utachambua utapata, vaa hapohapo juu ya blauzi urukeruke, usimwonee mtu aibu.

Shangazi, mimi mapaja yanasuguana mpaka yanatoka vidonda, nikioga nalia. Nifanyeje?
Bi Asha, Tanga

Mwanangu hiyo inawapata hata wembamba wa mbio ndefu. Vaa skintaiti inayofika karibu na goti, hata chini ya dera au sketi haionekani, ila isiwe ya pamba maana pamba ikinywa jasho inakwangua zaidi. Kabla hujatoka paka mafuta ya mgando ya kutosha mapajani, kwapani na kwenye mkanda wa sidiria. Pakishachubuka osha kwa maji na sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta hayohayo na upumzike mpaka ngozi ifunge, na pakianza kutoa usaha nenda zahanati.