Siga laini: haina ladha, au inavutwa kwa pupa?

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi nimezoea siga nzito, yale majani ya tumbaku yaliyoviringishwa kwa unene, zile nyeusi za kukaba koo. Nimezawadiwa boksi la siga laini za daraja la juu, jani la nje rangi ya dhahabu, wanaita Connecticut. Ya kwanza niliona kama navuta hewa ya moto. Ya pili ilianza vizuri, ikaishia uchungu mtupu. Aliyenipa ananiuliza kila tukionana nimezionaje. Nimjibu nini? Siga laini inapimwaje?

JIBU: Marahaba. Usimjibu kwanza. Siga inayoanza vizuri na kuishia uchungu mara nyingi imeunguzwa, na aliyeiunguza ni mvutaji. Wewe umezoea siga inayokupiga. Hii haikupigi, kwa hiyo unavuta kwa nguvu na mfululizo ukisubiri kipigo. Moto unapanda, mafuta yenye harufu nzuri yanateketea, mdomoni unabaki na lami.

Nguvu ni jambo moja, ladha ni jambo jingine. Nguvu ni nikotini, na utaisikia kichwani na tumboni. Ladha ni ya ulimi na pua. Siga laini imeruhusiwa kukosa nguvu. Ikikosa na ladha, hiyo ni mbovu, hata ivikwe pete ya karatasi ya kumetameta vipi.

Jani lako la nje asili yake ni bonde la mto Connecticut, Marekani. Pale tumbaku hulimwa chini ya mahema ya kitambaa kinachochuja jua, na jani hutoka jembamba, nyororo, mishipa yake haionekani sana. Mbegu hiyo hulimwa pia Ecuador, ambako mawingu ndiyo hema. Ndani ya siga kuna mseto: majani ya chini ya mmea, volado, husaidia kushika moto, ya katikati, seco, huleta harufu, ya juu, ligero, yaliyopigwa jua zaidi, ndiyo yenye nguvu. Anayetengeneza siga laini huipunguza ligero au huiacha kabisa, akaitegemea seco. Kwangu huo ndio mtihani wake mgumu, maana kasoro za jani zinazofichika nyuma ya nguvu, hapa zinakaa uchi.

Sasa kupima. Chagua saa ambayo ulimi wako haujachoka, kabla ya chakula chenye viungo na kabla ya siga yoyote nzito, na kinywaji kiwe maji. Iminye siga polepole kwa vidole toka kichwani, upande wa mdomo, hadi mguuni, upande wa kuwashwa: penye ulegevu patawaka kwa kasi, penye ugumu patabana moshi. Kata kichwa milimita 2 hivi, usivuke mstari wa kikofia, kile kipande cha jani kilichofunika kichwa. Kabla ya kuwasha, ivute ikiwa baridi. Ukipata nyasi kavu, mwerezi au utamu kwa mbali, uko pazuri. Ukipata harufu kali ya amonia, tumbaku haijapumzika vya kutosha. Irudishe kwenye boksi uisahau kwa miezi.

Kuwasha, usilitumbukize jani motoni. Lishike juu kidogo ya ndimi za moto ukilizungusha mpaka ukingo wote uwe mwekundu, ndipo uvute. Kisha vuta mara moja kwa dakika, basi. Ikizimika, washa tena; kuzimika si aibu.

Usimeze moshi. Uache mdomoni, toa sehemu kubwa kwa mdomo, halafu funga midomo na kile kidogo kilichobaki kisukume kwa ulimi kitokee puani, taratibu. Kwa siga zako nzito jambo hilo lingekutoa machozi, na nadhani ndiyo maana hukuwahi kulizoea. Kwa siga laini, hapo ndipo kila kitu kilipo. Ulimi utakuambia krimu na chumvi kidogo, ukanyamaza. Pua ndiyo itakayotaja lozi, mkate uliotoka kuokwa, pilipili nyeupe inayokuna kwa mbali. Mtu aliyevuta siga laini bila kuipitisha puani sikubali hukumu yake.

Igawe mara tatu kwa macho, na katika kila theluthi jiulize: kuna kilichobadilika? Theluthi ya kwanza huwa tamu hata kwa siga za kawaida. Mimi alama zangu nyingi naziweka kwenye theluthi ya pili, na kwenye ladha inayobaki mdomoni moshi ukishatoka. Ikibaki safi na kavu kidogo, nzuri. Ikibaki kama umelamba karatasi, punguza. Majivu marefu yanayopigwa picha hayaniambii kitu kuhusu ladha.

Halafu angalia unyevu wa hewa ndani ya boksi. Asilimia 65 hadi 70 inatosha, na kwa siga laini napendelea 65. Ikilowa hubana na kuwa chungu. Ikikauka huwaka kama hewa ya moto, ile uliyoisema. Zipumzishe wiki kadhaa, uvute nyingine kwa utaratibu huu, ndipo umjibu aliyekupa.

SWALI: Kwa kuwa ni laini na haimezwi, si ina madhara kidogo?

JIBU: Hapana, na hapa sina utani. Moshi wa siga husababisha saratani ya mdomo, koo, umio na mapafu. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Moshi wake una asili ya alikali, kwa hiyo nikotini hupenya kwenye ngozi ya ndani ya mdomo hata usipomeza. Ulaini ni wa ladha na nguvu tu. Naandikia wanaovuta tayari. Asiyevuta asianze kwa ajili yangu.

SWALI: Jani la nje likiwa jepesi wa rangi, siga lazima ni laini?

JIBU: La. Wapo watengenezaji wanaojaza ligero ndani na kuifunika kwa jani la Connecticut, na ziko nyeusi tii ambazo ni za upole kabisa. Rangi utaiona mwenyewe. Muuzaji muulize ndani kuna nini.